Kumrudishia mteja pesa: mwongozo kwa tunaouza mtandaoni kutoka Kigoma

Kila wiki napata swali lilelile kutoka kwa watu walioanza kuuza dagaa, mawese na vitenge kwa WhatsApp na Instagram: "Mteja anataka hela yake, nifanyeje?" Wengine wananiuliza wakati wameshagombana na mteja. Wengine wameshatuma, tena kwa namba isiyo yake. Nimeona niandike yote mahali pamoja ili nikiulizwa tena niwe na cha kumpa mtu asome.

Mimi nauza kutoka Kigoma mjini. Dagaa na migebuka (samaki wa Ziwa Tanganyika) nachukua Kibirizi, mawese nanunua soko la Mwanga, na wateja wangu wengi wako Dar es Salaam, Dodoma, Arusha na Mbeya. Kwa hiyo mifano yangu itanuka samaki, ila ukiuza viatu au vitenge hatua ni hizihizi.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote. Pesa irudi kwa njia ileile iliyojia, kwa mtu yuleyule aliyelipa, na isitoke mpaka uwe umeiona kwenye salio lako. Karibu kila hasara niliyowahi kusikia, na mbili zangu mwenyewe, zilitokana na kuvunja moja ya hayo matatu.

Vitu vya kuwa navyo kabla mteja wa kwanza hajalalamika

Laini ya biashara peke yake. Ukichanganya pesa ya mauzo na ya nyumbani, siku ya kurudisha utakuta salio limeshanunua unga na limelipa ada ya mtoto. Lipa Namba ni nzuri zaidi kwa kupokelea, lakini kumbuka pesa iliyoingia huko haikai pamoja na ile ya simu yako ya kawaida, hivyo jifunze mapema namna ya kuihamisha. Usijifunze siku mteja amekasirika.

Daftari, au jedwali kwenye simu. Kila oda iwe na tarehe, jina la mteja, namba aliyochatia, namba iliyolipa, jina lililosomeka kwenye ujumbe wa malipo, kumbukumbu namba ya muamala, kiasi, na basi lililobeba mzigo. Zingatia kwamba namba aliyochatia na namba iliyolipa nimeziandika mbalimbali. Utaona sababu mbele.

Picha na video ya mzigo kabla ya kufunga. Weka mzigo juu ya mzani, mzani usomeke, kisha piga. Sekunde ishirini zinatosha.

Akiba ya kurudishia. Mimi katika kila 50,000 inayoingia natenga 2,000 na siigusi. (Nasema "akiba ya kurudishia" wala sisemi "marejesho", maana marejesho kwetu ni ya vikoba na mikopo, na nisingependa uyachanganye.)

Masharti yaliyoandikwa. Mistari minne au mitano inatosha: lini unarudisha yote, lini sehemu, mteja alalamike ndani ya muda gani, na ushahidi gani unataka. Mtumie kila mteja kabla hajalipa. Usiandike "mali ikiuzwa hairudishwi" ukadhani umejikinga. Sheria ya mauzo ya bidhaa inataka mzigo ulingane na maelezo uliyotoa, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji, Tume ya Ushindani ikiwa ndiyo msimamizi. Ukiuza dagaa wenye ukungu, maandishi yako ukutani hayawafanyi kuwa wazima.

Hatua ya 1: Jibu haraka, usiahidi kitu

Mteja akiandika kwamba mzigo una tatizo, mjibu siku hiyohiyo hata kama huna jibu. Andika hivi: "Pole sana dada, nimeona ujumbe wako. Naomba picha na video ya mzigo, nitakupa jibu leo kabla ya saa kumi na mbili jioni." Halafu mpe jibu muda huo uliosema.

Usiandike "hela yako nitarudisha" kabla hujaangalia. Neno hilo likishatoka huwezi kulirudisha, na mteja atalipiga picha ya skrini. Ujumbe wa simu ni ushahidi mbele ya sheria tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kwa upande wake na kwa upande wako.

Na tafadhali, usimnyamazie. Mteja aliye Mbezi amemtumia pesa mtu asiyemjua, aliye ukingoni mwa ziwa, upande wa pili wa nchi. Ukikaa kimya saa tano, kwake umeshakuwa tapeli, na utakuta jina lako kwenye makundi ya kina mama kabla jua halijazama.

Hatua ya 2: Omba ushahidi kwa upole

Omba vitu vitatu tu: picha ya boksi au kiroba kikiwa bado na maandishi yako, video ya mzigo wenyewe, na kama anadai umepungua, picha ya mzani. Asiyekuwa na mzani nyumbani aende duka la jirani, hata kwa muuza nyanya.

Linganisha na video yako ya siku ya kufunga. Mara nyingi jibu linaonekana hapo. Desemba moja, msimu wa mvua, mama mmoja wa Dodoma alinitumia video ya boksi langu. Dagaa wa juu waling'aa kama sindano. Alipoingiza mkono katikati akachimbua, wakatoka wameshikana mabonge, na juu yao kuna weupe kama vumbi la unga wa muhogo. Nikarudi kwenye video yangu, nikaona mvuke umetanda ndani ya plastiki. Nilikuwa nimewafunga alasiri ileile walipotoka juani, bado wana joto, kwa sababu basi lilikuwa linaondoka. Sikuwa na la kubishana.

Hatua ya 3: Hakiki malipo

Hapa ndipo wageni wanapoliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Fungua menyu ya mtandao wako (M-Pesa ni \*150\*00#) au programu yake, uangalie salio na taarifa fupi ya miamala. Usitegemee ujumbe peke yake. Ujumbe wa kweli wa malipo unaingia kwenye mlolongo wenye jina la huduma, pale ambapo jumbe zako zote za zamani zimo. Wa uongo mara nyingi unatoka kwa namba ya kawaida ya simu, umeandikwa kwa ustadi, una "Imethibitishwa" na kumbukumbu namba na kila kitu. Dakika mbili baadaye mtu anapiga: "Bosi samahani, nimekosea, nilitaka kutuma 20,000 nimetuma 200,000, nirudishie 180,000." Anaharakisha, ana mgonjwa, simu inaisha chaji. Ukituma, umetuma hela yako mwenyewe.

Ujumbe wa namna hiyo uelekeze kwenda 15040, namba ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) ya kuripoti matapeli. Haichukui muda.

Na kama mtu kweli amekosea, pesa ipo kwenye salio lako na humjui? Mwambie apige huduma kwa wateja wa mtandao wake aombe muamala urudishwe. Usimtumie wewe mwenyewe, hasa kwenye "namba nyingine hii hapa". Kila Mtanzania ameshapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ndugu yake ni huyu.

Kuna la tatu ambalo wengi hawalijui. Mteja aliyelipa anaweza kuwa ameshaomba mtandao urudishe muamala, halafu anakudai na wewe. Kwa hiyo kabla ya kurudisha angalia kama pesa yake bado ipo kwako au imezuiwa. Sisemi wateja wote ni wezi. Wengine wanafanya kwa hofu, wanapiga huku na huku. Lakini utakayelipa mara mbili ni wewe.

Hatua ya 4: Amua: unarudisha yote, sehemu, au hurudishi

Rudisha yote, pamoja na nauli, kama mzigo haukutumwa, kama umepotea njiani, kama umetuma kitu tofauti, au kama umeharibika wote kwa kufungwa vibaya.

Swali la mzigo kupotea njiani linaulizwa sana: "Si kosa langu, ni la basi." Mteja hakuongea na basi, aliongea na wewe. Mrudishie au mtumie mwingine, kisha wewe ndiye ulisukume suala na ofisi ya mizigo kwa kutumia stakabadhi uliyopewa stendi ya Masanga. Hiyo stakabadhi ndiyo sababu usikubali kumpa kondakta mzigo mkononi kwa ahadi kwamba atampigia mteja akifika stendi ya Magufuli, Dar es Salaam. Mzigo wa mkononi hauna mwenyewe.

Rudisha sehemu kama sehemu ya mzigo ni nzima na mteja anakubali kuitumia.

Usirudishe, ila eleza kwa subira, kama bidhaa haina kasoro na mteja hajaizoea. Kwa bidhaa za Kigoma haya yanatokea kila mara:

Mawese yaliyoganda. Mteja wa Njombe, Mbeya au Arusha anafungua dumu anakuta mafuta mazito ya rangi ya chungwa kama siagi, anasema umemuuzia feki. Mawese huganda kwenye baridi, ndiyo asili yake. Mwambie aweke dumu kwenye beseni la maji ya moto, nusu saa yatakuwa yameyeyuka. Mimi siku hizi naandika kwenye dumu lenyewe kwa kalamu ya wino mzito, na malalamiko ya namna hiyo yamekwisha.

Dagaa wenye mchanga. Hapa uwe mkweli na nafsi yako. Wanaokaushwa chini, juu ya mchanga wa ufukweni, watakuwa na chembechembe. Wanaokaushwa juu ya vichanja ni wasafi na ni ghali zaidi. Kama ulimwambia mteja ni wa kichanja na mchanga unasaga kwenye meno, rudisha tofauti ya bei bila maneno mengi. Kama ulimwambia mapema ni wa mchangani, mkumbushe ujumbe ule na umwelekeze namna ya kuosha.

Uzito uliopungua. Dagaa wanaendelea kukauka njiani. Kilo kumi zikifika zimepungua gramu mia moja au mia mbili, hiyo ni hali ya hewa. Zikipungua kilo nzima, aidha mzani wako ni mbovu au boksi limefunguliwa. Mimi huzidisha kidogo wakati wa kupima ili mjadala huu usianze.

Mteja aliyebadili mawazo. Kama mzigo haujatoka Kigoma, rudisha yote mara moja. Kama umeshapanda basi na ni chakula, hurudishi, na hilo liwe limeandikwa kwenye masharti. Kitenge kinaweza kurudi kikiwa hakijakatwa wala kufuliwa, nauli ya kurudi ikiwa juu yake.

Kubadilisha bidhaa badala ya kurudisha pesa ni njia nzuri, ila muulize, usimlazimishe. Mtu aliyekutana na ukungu anaweza asitake kuona dagaa wako tena kwa mwezi mzima, na ana haki hiyo.

Hatua ya 5: Piga hesabu kwa maandishi

Tuseme mteja alilipa 80,000: dagaa kilo 4 kwa 16,000 ni 64,000, nauli ya basi 10,000, boksi na ufungaji 6,000. Kilo moja imeharibika. Thamani ya kilo ni 16,000. Nauli na ufungaji jumla ni 16,000, robo yake 4,000. Unarudisha 20,000.

Halafu lile swali: makato ya kutuma anabeba nani? Unabeba wewe, siku zote, kwa sababu wewe ndiye unayetuma. Na ya kutolea? Kama kosa ni lako, weka na ya kutolea. Hela yake iliondoka mfukoni ikiwa taslimu, irudi ikiwa taslimu. Kama ni yeye aliyebadili mawazo, ya kutolea ni yake. Angalia jedwali la makato la mtandao wako kabla ya kutuma, maana kwenda mtandao mwingine bei inaweza kuwa tofauti na ya mtandao mmoja.

Kosa la kawaida hapa ni kukata kata. Muuzaji anatoa 500 ya selotepu, 1,000 ya bodaboda ya kwenda stendi, 300 ya bando. Mteja anapokea 18,200 na hasira mpya.

Hatua ya 6: Mwandikie mteja kabla ya kutuma

Ujumbe mmoja wenye kiasi, hesabu, namba utakayotumia na muda. Hapa naweka niliomtumia yule mama wa Dodoma, nimebadilisha tarakimu tu:

"Shikamoo mama. Nimeona video, kilo moja ina ukungu na kosa ni langu, nimewafunga wakiwa na joto. Nisamehe sana. Nakurudishia 20,000: 16,000 ya dagaa na 4,000 ya sehemu ya nauli na ufungaji, nitaongeza na ya kutolea. Natuma leo kabla ya saa kumi jioni kwenye namba ileile uliyolipia, inayoishia 417. Kama laini hiyo haipo hewani naomba unijulishe kabla ya saa tisa. Hao wenye ukungu usiwapike mama, watupe."

Sentensi ya mwisho usiisahau kama unauza chakula. Pesa inalipika, tumbo la mtoto wake ni jambo jingine.

Hatua ya 7: Tuma kwa namba iliyolipa

Namba iliyolipa. Siyo namba aliyochatia, siyo ya mume wake, siyo ya "wakala wa hapa jirani".

Hili nililipia. Dada mmoja alichati nami kwa wiki nzima, malipo ya 45,000 yakaingia kutoka namba nyingine yenye jina la mwanaume. Sikujali, pesa ni pesa. Mzigo ulichelewa, dada akasema hataki tena, nikamtumia 45,000 kwenye namba aliyokuwa anachatia. Siku mbili baadaye akapiga kaka yake: yeye ndiye aliyelipa, dada yake hajamwambia chochote, anataka hela yake. Nikamweleza nimeshatuma kwa dada. Akanijibu kitu ambacho sikuwa na jibu lake: "Ujumbe wa malipo una jina la nani?" Una jina lake. Nikalipa tena.

Namna ya kutuma:

1. Chukua namba kutoka kwenye ujumbe wa malipo wa mtandao au kwenye taarifa ya miamala, wala usiichukue kwenye maongezi.
2. Ingia menyu ya kutuma pesa, chagua mtandao wake, andika namba, andika kiasi.
3. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina la mpokeaji linatokea. Simama hapo. Lisome neno kwa neno na ulilinganishe na daftari lako.
4. Halilingani? Toka, usitume. Muulize mteja.
5. Linalingana, weka namba ya siri, subiri ujumbe wa uthibitisho.

Kama namba iliyolipa imepotea au imefungwa, omba mwenye jina lile akupigie na akutajie kiasi, tarehe na kumbukumbu namba ya malipo yake. Kisha akutumie kwa maandishi namba mpya. Jina la namba mpya likiwa lilelile, tuma. Likiwa jina lingine, nenda taratibu, hata ikibidi asubiri arudishe laini yake kwanza.

Mteja aliyelipa kwa kadi kupitia tovuti, na tunao Watanzania wa nje wanaotuagizia mawese ya kupeleka kwa wazazi wao, mrudishie kupitia mfumo uleule wa kadi, kwa kitufe chake cha kurudisha. Usimtumie kwa simu kwa kumhurumia. Akipeleka pingamizi benki, benki itachukua tena kwako, na kwenye mfumo wa kadi hakuna alama yoyote kwamba ulilipa. Mwambie pia kwamba pesa ya kadi inaweza kuchukua siku kadhaa kufika, asihesabu saa.

Namba ya siri hakuna anayestahili kuijua. Mtu anayejiita wa huduma kwa wateja akiiomba ili "kukamilisha kurudisha", kata simu.

Hatua ya 8: Thibitisha, andika

Mtumie mteja kumbukumbu namba ya muamala na umwombe ajibu "nimepokea". Kwenye daftari andika tarehe, kiasi, sababu kwa maneno machache, na kumbukumbu namba hiyo karibu na ya malipo ya kwanza. Kama ulitoa risiti ya EFD (mashine ya kodi), usiiache ikining'inia: weka nakala yake pamoja na ushahidi wa kurudisha, na uwaone TRA au mhasibu wako kuhusu kuirekebisha, la sivyo utahesabiwa mauzo ambayo hukuyapata.

Mara moja kwa mwezi soma safu ya sababu. Yangu ilisema "ukungu, ukungu, ukungu" kuanzia Novemba hadi Machi. Sasa msimu wa mvua naacha dagaa walale usiku mmoja wametandazwa ndani, nawafunga kwenye kiroba kinachopitisha hewa badala ya plastiki, na mteja anajua mzigo utachelewa siku moja.

Usifanye haya

Usifute maoni ya mteja kwenye ukurasa wako. Mjibu hapohapo kwa mstari mmoja, "Pole, nimekuandikia ujumbe," na mengine yamalizie faraghani.

Usimwanike. Kuweka jina na namba ya mteja kwenye status kwa sababu mmekosana ni kujitafutia kesi. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Usirudishe kwa pesa ya mteja mwingine ambaye mzigo wake hujautuma. Nimeona biashara nzuri za Ujiji na Mwanga zikizama kwa njia hiyo, mteja wa leo akilipa deni la wa jana, mpaka siku oda zinapokata.

Mambo yakikwama

*Nimetuma kwa namba isiyo sahihi.* Piga 100 sasa hivi, kwa laini uliyotumia, ukiwa na kumbukumbu namba. Kama pesa haijatolewa inaweza kuzuiwa. Kila dakika inahesabika, usianze kwa kumpigia aliyeipokea na kumbembeleza.

*Muamala umekaa, hakuna ujumbe wa uthibitisho.* Usitume tena. Angalia salio. Kama limepungua, pesa imetoka na ujumbe uko njiani. Kama halijapungua, angalia taarifa ya miamala kwanza ndipo urudie.

*Mteja anasema haijafika, mimi nina uthibitisho.* Mtumie kumbukumbu namba na umwombe aangalie taarifa ya miamala, asiishie kwenye salio. Mara nyingine alikuwa na deni la Songesha (mkopo mdogo wa M-Pesa), pesa ilipoingia ikakatwa kulipa deni. Imefika, imeliwa na deni lake. Mweleze bila kumdhalilisha, mambo ya madeni ni aibu kwa mtu.

*Sina pesa ya kurudisha leo.* Sema kweli, taja tarehe, na tuma sehemu leo hata ikiwa ndogo. 10,000 ya leo na tarehe ya kuaminika ya nyingine inamtuliza mtu kuliko "kesho" tano. Tarehe ukiitaja, itimize.

*Mteja hataki kutuma picha, anatukana tu.* Muombe mara mbili kwa maandishi. Ya tatu mwandikie kwamba suala litasubiri ushahidi, na kwamba mlango uko wazi. Halafu nyamaza.

*Nimepokea oda za awali na dagaa hawapatikani.* Hili ni letu sisi wa ziwani, na ndilo linalotuvunjia jina zaidi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, taa hazivuti kitu, mitumbwi inapaki, bei inapanda. Anayepokea oda ya kilo hamsini siku mwezi unakaribia kujaa na kuahidi "kesho kutwa" anajidanganya. Na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Wapo waliokuwa wameshika pesa za watu, wakasubiri wakidhani mzigo wa zamani utapatikana kwenye maghala.

Ukijikuta hapo, usisubiri mteja aulize. Fungua daftari, orodhesha kila aliyelipa na hajapata, watumie wote ujumbe siku hiyohiyo: "Ziwa halitoi dagaa kwa sasa. Pesa yako ipo, sijaigusa. Nikurudishie leo, au nikuwekee mpaka nipate mzigo? Chagua wewe." Wanaosema leo, watumie leo, ukianza na aliyelipa zamani zaidi.